Je, Wajua? Ufuta wa Juni, Korosho za Novemba na Siku Nne za Stockholm

Ukisimama Nachingwea mjini kuswali, kibla chako ni kaskazini hasa. Makka iko karibu kwenye mstari mmoja na sisi, haina kona. Ukisimama Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, unageuka kuelekea kusini-mashariki, maana Makka umeshaipita ukaiacha nyuma. Kati ya miji hii miwili kuna takribani kilomita 8,000 kwa mstari ulionyooka. Ni mbali, lakini nyayo za watu wa huku ziko kule tayari: Kassim Majaliwa, mwalimu wa Ruangwa aliyekuja kuwa mbunge wa jimbo hilo kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alisomea stashahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Stockholm mwishoni mwa miaka ya 1990.

Yeye alikwenda kusoma. Makala haya ni ya mtu anayekwenda kutembea: ana mtoto anayesoma huko, au amealikwa harusini, au msimu umemwendea vizuri na ameamua kwamba safari hii bati la jiko linaweza kusubiri. Siku nne zinamtosha. Stockholm ina watu karibu milioni moja, wachache kidogo kuliko mkoa mzima wa Lindi, na wamejipanga juu ya visiwa 14 vilivyounganishwa kwa madaraja.

WAFINI SI WASKANDINAVIA

Je, wajua kwamba rafiki yetu wa siku nyingi kutoka pande hizo hayumo hata kwenye orodha? Skandinavia ni Denmaki, Norwe na Uswidi. Ufini ni jirani tu, na lugha yake haina undugu na hizo tatu. Lakini mtu wa Lindi na Mtwara ukimtajia Wafini anakumbuka maji: tangu miaka ya 1970 walichimba visima katika mikoa hii na kufunga pampu za mkono aina ya Nira, kisha mwaka 1988 ukaja mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS uliodumu hadi miaka ya 2000. Anayetaka kuwaona kwao apande meli ya jioni Stockholm. Anaamka asubuhi yuko Helsinki. Viza ni ileile. Pesa ndiyo inabadilika, kwa kuwa Ufini inatumia euro, na zile nchi tatu kila moja ina krona yake. Krona ya Denmaki ukiitoa dukani Stockholm watakutazama kama uliyetoa kwacha Nachingwea.

JUA LISILOJUA SAA

Kwetu jua ndilo saa. Linachomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni, na ndiyo maana Kiswahili kinaanza kuhesabu saa moja jua likishapanda. Hesabu hiyo ilitungwa na watu wa karibu na ikweta. Ipeleke Stockholm uone vituko. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza saa 9 na nusu usiku na kuzama saa 4 na dakika chache usiku. Hata hizo saa chache za katikati si giza. Ni ule mwanga wa magharibi kabla taa hazijawashwa, ukiwa umevutwa mpaka alfajiri. Mwishoni mwa Desemba mambo yanageuka. Jua linatoka saa 3 kasorobo asubuhi, linatambaa juu ya mapaa, na ifikapo saa 9 kasoro dakika 12 mchana limeshazama. Mwenyeji akikuambia mkutane saa 10 jioni, taa za barabarani zitakuwa zimewaka zamani.

Na bado tofauti ya saa kati yao na sisi ni ndogo. Uswidi iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo mwili haupigwi na mabadiliko kama wa anayekwenda Marekani au China. Kitakachokunyima usingizi ni jua lenyewe. Hoteli nyingi zina mapazia mazito. Ukifikia kwa ndugu, chukua kitambaa cha kufunga macho, au khanga.

Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito wake. Siku za katikati ya Desemba, tangu adhuhuri mpaka magharibi ni saa tatu tu, na alasiri inabidi ijibane humo ndani. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na waliofunga Stockholm kwa kufuata jua la hapo walifunga zaidi ya saa 18. Wengine walifuata fatwa zinazoruhusu kutumia saa za Makka. Msikiti mkuu wa mji uko jirani na uwanja wa Medborgarplatsen, upande wa kusini. Ulifunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha kuzalisha umeme.

PESA INAPOKUJA NA JUA LINAPOONDOKA

Hapa ndipo mipango ya mkulima wa huku inapopishana na kalenda ya Stockholm. Pesa ya korosho inaingia Oktoba, Novemba na Desemba, baada ya minada ya RUNALI, chama kikuu chenye jina la wilaya tatu ndani yake: Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Yaani mfuko unajaa wakati mji ule uko gizani. Minada ya ufuta inakuja katikati ya mwaka, jua likiwa kamili kule, lakini huwezi kuuza ufuta Juni ukapanda ndege Juni. Viza haitoki kama tiketi ya basi.

Viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya Uswidi, inaombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege itakutua kwanza kwingine. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Utatakiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000, na pasipoti iliyobaki na miezi 3 au zaidi baada ya tarehe ya kuondoka huko. Pasipoti yetu ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018, ada yake ni shilingi 150,000.

Mimi ningepanga hivi: pesa ya korosho ya Novemba nisiiguse, maombi niyapeleke Februari au Machi, niondoke mwishoni mwa Mei. Kule ni siku ndefu na bei za hoteli hazijafika kileleni. Huku nitakuwa nimerudi kabla ya kupulizia salfa, na ufuta utanikuta nyumbani.

Neno moja kuhusu taarifa ya benki. Mwenye mshahara akaunti yake inapumua kila mwezi. Ya mkulima inalala miezi minane, halafu siku moja inaamka na mamilioni. Afisa wa viza asiyeijua stakabadhi ghalani anaweza kudhani pesa hiyo umeazima ili kumwonyesha yeye. Ambatanisha karatasi za mauzo kutoka AMCOS, za misimu miwili mitatu, na barua fupi inayoeleza kwamba korosho huvunwa mara moja kwa mwaka. Usimwachie akisie.

Na epuka Ijumaa na Jumamosi ya sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, ambayo kila mwaka huangukia kati ya tarehe 19 na 26 Juni. Mji unahamia mashambani, maduka mengi yanafungwa, na wewe unabaki na ndege wa baharini.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kupiga picha na kuchukua alama za vidole za wageni badala ya kugonga muhuri. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo usipange kuunganisha safari dakika 40 baada ya kutua. Uwanja mkuu wa Stockholm ni Arlanda, kilomita 40 hivi kaskazini mwa mji. Ukiona tiketi ya bei ya kutupa inayosema Stockholm Skavsta, jua uko kilomita 100 mbali. Ni kama kuambiwa umefika Lindi mjini kumbe umeshushwa Nanganga.

Kutoka Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Na kutoka huku hadi Dar, wazee watakuambia kipande kigumu cha safari yoyote kilikuwa kivuko cha Ndundu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003.

NOTI ZILIANZIA HUKO, NA HUKO ZINAISHIA

Noti za kwanza za benki barani Ulaya zilitolewa Stockholm mwaka 1661. Leo mji huohuo una migahawa na maduka yaliyobandika tangazo mlangoni kwamba hayapokei pesa taslimu. Unagusisha kadi, basi. Wenyewe kwa wenyewe wanatumiana kwa simu kupitia huduma iitwayo Swish, iliyoanza Desemba 2012. Kumbuka M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008. Kwa hiyo bibi wa Ruangwa aliyetumiwa pesa ya mbolea kwa simu mwaka 2010 aliwatangulia. Ila hiyo Swish inataka akaunti ya benki ya kwao, na M-Pesa yako haitasaidia kununua hata maji. Nenda na kadi ya benki inayokubalika kimataifa, na kabla ya safari uiambie benki yako unakwenda wapi, wasije wakaifunga wakidhani imeibwa. Maji, kwa bahati, ni ya bure: ya bomba yanaweza kunywewa bila kuchemshwa.

MELI NA KARANGA

Ukiwa na siku moja tu, iende kisiwa cha Djurgården, kwenye jumba la makumbusho la meli ya Vasa. Nasema hivi kwa sababu naamini hakuna mgeni atakayeielewa meli ile upesi kama mtu wa Nachingwea.

Mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani na alitaka meli ambayo adui akiiona atetemeke. Ilijengwa kubwa, mita 69, na mizinga 64 juu ya sitaha mbili. Fundi mkuu alifariki kabla haijakamilika. Kabla ya safari ya kwanza walifanya jaribio: mabaharia 30 wakakimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kuona kama meli itatulia. Iliyumba vibaya mno hata jaribio likasimamishwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme, na mfalme mwenyewe alikuwa ng'ambo akituma barua za kuhimiza. Tarehe 10 Agosti 1628, watu wakiwa wamejaa ufukweni, Vasa iling'oa nanga. Ilikwenda kama mita 1,300. Upepo ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya mji mzima. Watu wapatao 30 walikufa. Baraza la uchunguzi likakaa, likahoji, na mwisho hakuna aliyepatikana na kosa.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia zaidi ya ekari milioni 3. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani, bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, na haya yote kabla ardhi na mvua havijapimwa vya kutosha. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Wapo wazee wanaoweza kukuonyesha tuta lilipopita, wakinyoosha kidole kwenye mikorosho.

Tofauti ni kwamba Waswidi walirudi kuchukua aibu yao. Meli ilipatikana mwaka 1956 na kuinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, baada ya miaka 333 chini ya maji. Ilikuwa karibu nzima, mbao zake za asili zaidi ya asilimia 95. Sababu ni kitu ambacho fundi yeyote wa jahazi wa Kilwa atakielewa. Huku kwetu chombo kisipopakwa deheni chini, mdudu wa baharini anakitoboa mpaka kinakuwa chujio. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno, na mdudu yule hawezi kuishi humo. Baada ya kuinuliwa, mbao zilinyunyiziwa dawa ya kuzihifadhi kwa miaka 17. Jumba la sasa lilifunguliwa 1990, na kila mwaka zaidi ya watu milioni moja wanalipa kiingilio kuangalia kosa la mfalme.

Nikifikiria kiingilio hicho najiuliza lile tuta la reli lingeingiza kiasi gani kama tungeliwekea kibao tu. Lakini hilo ni la mkutano wa halmashauri.

Ukitoka Vasa, mwendo wa dakika chache kwa mguu kuna Skansen, iliyofunguliwa 1891: nyumba za zamani kutoka pande zote za nchi zilizohamishwa na kusimamishwa upya nje, na watu ndani wakioka mikate. Aina hii ya makumbusho ilienea kutoka hapo. Ukiwa umewahi kuingia Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, unamjua mjukuu wake. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, watu huniuliza, haiko njia hii. Hiyo iko Berlin.

MANENO YA KUKUCHANGANYA

Je, wajua kwamba Mswidi akikuambia "fika" hakuhimizi uwahi? Fika kwao ni kukaa kunywa kahawa na kula kitu kitamu, na ofisini ni karibu wajibu. Hicho kitamu kinaweza kuwa "kaka", yaani keki. "Leta" ni kutafuta. "Kula" ni gololi. Basi mtu anaweza kusimama mbele yako akatamka maneno manne ya Kiswahili safi na usielewe kitu.

Pale kwenye fika utaagiza kinywaji, na mkate wa kuzungushwa wenye mbegu nyeusi nyeusi. Uonje. Ni iliki, nyingi kuliko tunayotia kwenye maandazi. Nchi ambako hauoti hata mche mmoja wa iliki inaitia kwenye mikate kila siku. Kahawa wanakunywa chungu, bila kashata.

MENGINE YA HARAKA

Mpaka tarehe 3 Septemba 1967 Waswidi waliendesha magari upande wa kushoto kama sisi. Alfajiri ya siku hiyo nchi nzima ilihamia kulia. Wewe hujahamia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

Bahari yao haipwi wala haijai. Mtoto wa Lindi aliyezoea kuona maji yakirudi nyuma na kuacha mashua kwenye tope atakaa ufukweni kutwa akisubiri bure.

Kuvua kwa fimbo katikati ya mji ni ruhusa kwa kila mtu, bila leseni. Mbele ya bunge lao utawaona watu wamesimama na ndoano wakisubiri samaki aina ya salmoni. Msituni nako kuna haki ya wote: unaweza kuingia kwenye msitu wa mtu, ukachuma matunda ya porini na uyoga, bila kumuudhi mwenye shamba. Waliozoea kuokota uyoga masika watajisikia nyumbani, ila uyoga wa kule usiuokote bila mwenyeji anayeujua.

Reli ya chini ya ardhi ina vituo 100, na zaidi ya 90 vina michoro na sanamu. Kwa tiketi ya kawaida mvua ikinyesha unaweza kushinda humo ukiangalia.

Zawadi: nyama kavu na maziwa vya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwa abiria. Maembe mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, lakini nazi, ndizi, nanasi na tende vimesamehewa. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa ndizo salama kuliko zote, na mwenyeji wako, anayezinunua kwa gramu, atakushukuru mpaka uone haya.

BAMBA LA SVEAVÄGEN

Siku ya mwisho, kabla ya kwenda Arlanda, pita barabara ya Sveavägen.

Tangu katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya kufundishia wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Ureno, mahali ambapo wenyeji hadi leo wanapaita Farm 17, na Samora Machel, kiongozi wao wa baadaye, aliishi na kufundisha huko. Mwaka 1969 bunge la Uswidi liliridhia kwamba nchi yao inaweza kusaidia harakati za ukombozi moja kwa moja kwa misaada ya kibinadamu, jambo ambalo serikali za Magharibi hazikulizoea, tena wakati Ureno ilikuwa ndani ya NATO. FRELIMO ikawa mmoja wa waliosaidiwa. Mwaka huohuo Olof Palme akawa Waziri Mkuu.

Usiku wa tarehe 28 Februari 1986 Palme alitoka sinema na mkewe, Lisbet, kwa miguu, bila mlinzi hata mmoja. Alipigwa risasi kwenye kona ya Sveavägen. Oktoba ya mwaka uleule Samora alikufa kwenye ajali ya ndege. Upelelezi wa kifo cha Palme ulifungwa Juni 2020, na hakuna mtu ambaye hukumu dhidi yake ilisimama.

Kaburi la Palme liko hapo jirani, kwenye uwanja wa kanisa la Adolf Fredrik. Penye kona yenyewe hakuna mnara. Kuna bamba dogo lililolazwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, lenye jina na tarehe, na watu wanaotoka kazini wanalikanyaga bila kuangalia chini.